Ukimya Unamsitiri Nani? Kukisoma Tena Kitabu cha Kelly Brown Douglas Juu ya Ujinsia na Kanisa la Watu Weusi

Utangulizi

Mwaka 1999 shirika la uchapishaji la Orbis Books la Marekani lilitoa kitabu cha Kelly Brown Douglas kiitwacho Sexuality and the Black Church. Mwandishi wake ni mwanamke Mweusi, kasisi wa Kanisa la Episkopali, na mwanafunzi wa James Cone, yule ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 kiliwalazimisha wasomi wa Magharibi kuisikia teolojia ya watu Weusi. Zaidi ya robo karne imepita tangu kitabu cha Douglas kitoke. Huko kwao, wengi walioandika baadaye juu ya ujinsia wa watu Weusi na Kanisa wamepitia mlangoni pake. Huku kwetu kimesomwa na wachache. Nakala niliyoisoma mimi ilifika katika sanduku la vitabu vya msaada, nayo ilikaa rafuni miaka mingi bila kuazimwa na mtu.

Msomaji aweza kuuliza: jambo hili latuhusu nini? Watu Weusi wa Marekani wana historia yao, nasi tuna yetu, wala si vema kuzichanganya kana kwamba rangi ya ngozi inatosha kuzifanya kuwa moja. Neno hili ni kweli. Hata hivyo, Douglas anauliza swali ambalo kila mchungaji aliyewahi kusimama kaburini analijua, hata kama hajawahi kulitamka: kwa nini Kanisa, lenye neno juu ya mambo mengi, hukosa neno linapofika kwenye mwili wa mwanadamu?

Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba Douglas ameuona ugonjwa sawasawa, ila chanzo chake amekitaja nusu. Aidha nitaonyesha kwamba taaluma hii, iliyozaliwa ili kuuvunja ukimya, imo katika hatari ya kujenga ukimya wa namna nyingine.

Taaluma iliyotanguliwa na mtambo kuvunjwa

Kabla ya kukipima kitabu yafaa tujue kimetoka katika ukoo gani wa maandishi. Mwezi Machi 1892, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, wanaume watatu Weusi waliokuwa na duka la vyakula walitolewa gerezani na kundi la Wazungu wakauawa bila hukumu. Ida B. Wells, mwanamke Mweusi aliyekuwa mhariri na mmoja wa wenye gazeti la Free Speech, alianza kuchunguza mauaji ya namna hiyo. Sababu iliyokuwa ikitajwa siku zote ni kwamba wanaume Weusi waliwanajisi wanawake wa Kizungu. Wells aliandika kwamba habari hiyo ilikuwa uongo uliochakaa. Mwezi Mei mwaka huo huo ofisi ya gazeti lake ilivunjwa na kundi la watu naye akiwa safarini, akaonywa asirudi. Akiwa New York alitoa kijitabu chake, Southern Horrors, mwaka huo huo wa 1892.

Nimeanza na habari hii kwa makusudi. Katika Marekani, kuandika juu ya ujinsia wa watu Weusi kulihusu uhai wa watu tangu mwanzo. Uongo juu ya mwili wa mtu Mweusi ulikuwa kamba shingoni mwake, na aliyeandika ukweli alivunjiwa mtambo.

Miaka karibu tisini baadaye, mwaka 1980, Barbara Smith pamoja na Audre Lorde na wenzao walianzisha shirika la uchapishaji lililoitwa Kitchen Table, yaani Meza ya Jikoni. Walichagua jina hilo kwa sababu jikoni ndipo wanawake hufanya kazi na kuzungumza, na kwa sababu kazi yao ilikuwa ya watu wa kawaida wasio na mtaji. Wanawake Weusi walikuwa wameona kwamba vitabu juu ya wanawake viliwahusu Wazungu, na vitabu juu ya Weusi viliwahusu wanaume. Mwaka 1984 wasomi wanawake Weusi walianzisha jarida la SAGE, lililokuwa na makao yake Atlanta, nalo likaendelea hadi mwaka 1995. Katika miaka hiyo hiyo neno la Alice Walker, “womanist”, lilichukuliwa na wanateolojia kama Katie Cannon, Jacquelyn Grant na Delores Williams kuwa jina la teolojia yao, tofauti na teolojia ya wanawake Wazungu na tofauti na teolojia ya wanaume Weusi. Williams, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alimsoma Hajiri kama mama wa wote waliotumiwa miili yao kisha wakafukuzwa jangwani.

Ndimo alimotoka Douglas. Tofauti yake ni kwamba aliyageuza maswali haya na kuyaelekeza kwa Kanisa lake mwenyewe.

Hoja ya Douglas

Kitabu si kinene, na lugha yake kwa sehemu kubwa ni ya mtu anayetaka kueleweka. Hoja yake yaweza kuelezwa kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza inahusu mamlaka. Akimtumia mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, Douglas anadai kwamba ujinsia ni mahali ambapo wenye nguvu huwashika wasio na nguvu. Anayefaulu kuwaaminisha watu kwamba kabila fulani lina tamaa za kinyama, amekwisha pata ruhusa ya kulitawala. Ndiyo maana utamaduni wa Wazungu wa Marekani ulibuni sura bandia za watu Weusi: mwanamume kama dume lisilozuilika, mwanamke ama kama Yezebeli, mtongozaji wa mabwana, ama kama yaya mnene asiye na haja ya mwili, aliyeumbwa ili kuwalea watoto wa wengine. Historia inamuunga mkono. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Maana yake ni kwamba bwana aliyemlazimisha mtumwa wake hakupata aibu wala hasara, bali aliongeza mali.

Napenda kuongeza neno langu hapa juu ya jina la Yezebeli. Ukisoma 1 Wafalme 21 utaona dhambi inayosimuliwa pale: malkia aliandika barua za uongo, akaweka mashahidi wa uongo, akamwua Nabothi ili shamba lake la mizabibu lichukuliwe. Hata pale 2 Wafalme 9:22 panapotaja uzinzi wake, maana iliyo karibu ni ibada ya sanamu. Sasa tujiulize: kati ya mjakazi asiyemiliki hata mtoto wake, na bwana aliyetwaa nguvu, kazi na uzao wa wengine, ni nani aliyefanana na Yezebeli? Wahubiri wa mashamba ya utumwa walilibandika jina hilo kwa mtu asiyestahili. Ni funzo kwetu tunaopenda kulitaja jina hilo mimbarani kila tunapomwona binti aliyejipamba.

Hatua ya pili inahusu ukimya. Watu walioshambuliwa namna hiyo walijikinga kwa kunyamaza. Kanisa la watu Weusi, lililokuwa ngome yao, lilijifunza kutosema lolote juu ya ujinsia lisije likamthibitishia mshitaki maneno yake. Lakini ngao hiyo iligeuka ikawaumiza wenyewe. Ukimwi ulipoingia, Kanisa lilikuwa halina ulimi. Katika mwaka huo huo wa 1999 mtaalamu wa siasa Cathy Cohen alitoa kitabu chake, The Boundaries of Blackness, akichunguza jinsi viongozi na vyama vya watu Weusi walivyochelewa kuushughulikia ugonjwa huo, kwa kuwa waliougua kwanza walihesabiwa kuwa watu wa kuwaaibisha wengine. Vitabu viwili, mmoja wa mwanateolojia na mwingine wa mtaalamu wa siasa, vilifika kwenye kaburi lile lile kwa njia mbili.

Hatua ya tatu ni ya teolojia. Ukristo ulipokea kutoka katika falsafa ya Plato desturi ya kuitenga roho na mwili, na kuudharau mwili. Hoja hii Douglas aliiendeleza zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2005, What's Faith Got to Do with It? Jibu lake ni umwilisho. Ikiwa Mungu amejifunua katika mwili wa Yesu, basi mwili si adui wa Mungu, na Kanisa linalouonea haya mwili linaona haya mahali pale pale ambapo Mungu alichagua kukaa.

Ukimya upi?

Sasa nije kwenye ukosoaji wangu. Kwa Douglas, ukimya wa Kanisa la watu Weusi ni kovu la jeraha lililotiwa na Wazungu. Sikatai kwamba jeraha lilikuwapo. Lakini maelezo haya yana hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba dhambi ya Kanisa yaelekea kuwa dhambi ya mtu mwingine. Kanisa laweza kuungama kwa kumnyoshea kidole jirani. Kwa mafundisho ya Kilutheri, aliyejeruhiwa naye ni mwenye dhambi, na neema inamjia akiwa mtu anayewajibika mbele za Mungu. Mchungaji Mweusi aliyemkatalia mgonjwa Meza ya Bwana hakufanya hivyo kwa sababu ya Virginia ya mwaka 1662 peke yake. Alifanya hivyo pia kwa sababu ya moyo wake.

Hatari ya pili ni kwamba kila ukimya unahesabiwa kuwa wa aina moja. Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna neno la kuchangia, nalo ni neno la lugha yetu: kusitiri. Tunasema mtu amesitiriwa, yaani aibu yake imefunikwa kwa upendo. Mwenye busara hamwaibishi mwenzake hadharani. Maandiko nayo yanaijua sitara hii. Katika Mwanzo 9, Shemu na Yafethi walitembea kinyumenyume ili wamfunike baba yao bila kuutazama uchi wake. Jambo la kushangaza ni kwamba simulizi hilo hilo ndilo lililotumiwa na wenye watumwa wa Marekani kudai kwamba wazao wa Hamu walilaaniwa wawe watumwa, ingawa andiko lenyewe linamtaja Kanaani. Simulizi la kumsitiri mtu likatumiwa kuwavua nguo mamilioni. Kwa hiyo sikubali kwamba kunyamaza juu ya mambo ya mwili ni ugonjwa siku zote. Kuna kunyamaza kwa heshima.

Lakini ni lini sitara hugeuka kuwa maficho? Naomba msomaji aniruhusu nijitolee ushahidi mimi mwenyewe. Nilikulia mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Katika utoto wangu mazishi yalikuwa mengi kuliko harusi, na kila mahubiri ya mazishi yalisema marehemu aliugua kwa muda mrefu. Nilipopewa daraja la uchungaji nilijikuta nikisema maneno yale yale. Siku moja nilimzika mzee mmoja wa usharika, mtu mwenye heshima zake, nikasema ameugua muda mrefu na amevumilia kama askari mwema. Baada ya siku arobaini mjane wake alinijia. Ndugu wa mumewe walikuwa wakinong'ona kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa ule nyumbani, nao walitaka kumtoa shambani. Akaniambia, “Mchungaji, ulimsitiri mume wangu. Je, mimi ulinisitiri na nani?”

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeelewa kwamba swali la kuuliza juu ya ukimya wowote ni hili: unamsitiri nani, na unamwacha nani uchi? Ukimya wangu ulimfunika marehemu, ambaye hakuna tena mwanadamu awezaye kumdhuru, ukamwacha mama yule mikononi mwa wenye ndimi. Ilikuwa sitara ya mwenye nguvu. Hiki ndicho kipimo ninachokikosa katika kitabu cha Douglas. Yeye anataka ukimya uvunjwe. Mimi nasema upimwe kwanza, kisha ule unaomlinda mwenye nguvu kwa gharama ya mnyonge uvunjwe bila huruma.

Maana kusema nako kwaweza kumvua mtu nguo. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoi kutoka Afrika Kusini, alionyeshwa kama kitu cha ajabu London kuanzia mwaka 1810, kisha Paris, alikofariki mwaka 1815. Mifupa yake na sehemu za mwili wake zilihifadhiwa na kuonyeshwa katika jumba la makumbusho. Alirudishwa kwao na kuzikwa Hankey tarehe 9 Agosti 2002. Katika miongo ya karibuni wasomi wengi wamemwandikia vitabu na makala ili kumtetea, na mara nyingi wamezichapa tena picha zile zile zilizochorwa ili kumdhihaki. Mwaka 2001 Zine Magubane aliwakosoa wasomi kwa jinsi walivyomgeuza Baartman kuwa kielelezo cha nadharia zao. Ukosoaji huo ni wa haki. Jarida la kitaalamu nalo laweza kuwa jukwaa la maonyesho, hata kama tiketi yake ni ghali zaidi.

Neno “mwili” katika Kiswahili

Nilipofundisha sehemu ya kitabu hiki darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza: “Mwalimu, haya yote nitayahubirije kwa Kiswahili?” Swali lake lilinirudisha kwenye Biblia yetu, nikaona jambo ambalo Douglas hakuweza kuliona kwa kuwa yeye anaandika kwa Kiingereza.

Mtume Paulo ana maneno mawili ya Kiyunani. Neno “sōma” lina maana ya mwili huu tulio nao, ulio hekalu la Roho Mtakatifu, 1 Wakorintho 6:19. Neno “sarx”, katika Wagalatia 5:19, lina maana ya mtu mzima aliyemgeuzia Mungu kisogo, akili yake na dini yake zikiwamo. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo ndiyo iliyowalea Wakristo wetu wengi, imetumia neno moja kwa yote mawili: mwili. Basi Mkristo wa kijijini asikiapo juu ya matendo ya mwili, husikia kwamba mwili wenyewe, huu wenye nyama na damu, ndio chemchemi ya uovu. Hata hivyo tazama orodha ya Paulo. Zaidi ya nusu ya mambo anayoyataja ni uadui, wivu, hasira, fitina, faraka na mengine ya jamii hiyo. Fitina haihitaji kitanda. Faraka hufanyika ndani ya vikao vya Kanisa, watu wakiwa wamevaa suti.

Hapa hoja ya Douglas inapata nguvu kwetu kuliko kwao. Sisi hatukumhitaji Plato ili tuudharau mwili. Lilitosha neno moja kubeba mizigo miwili. Lakini jambo hilo hilo lina baraka iliyofichika. Yohana 1:14 nayo inatumia “sarx”, na Kiswahili chetu kinasema kwamba Neno alifanyika mwili. Mezani pa Bwana twasema kwamba tunapokea mwili wa Kristo. Neno lile lile tulilolihukumu katika Wagalatia ndilo tunaloliweka ulimini mwa waamini kila Jumapili ya Ushirika. Mhubiri mwenye kusikia aweza kuanzia hapo, kwa lugha ya mama wa shambani, bila kutaja Foucault hata mara moja.

Martin Luther angetuelewa. Mwaka 1522 aliandika juu ya maisha ya ndoa bila kuona haya, na mwaka 1525 yeye aliyekuwa mtawa alimwoa Katharina von Bora aliyekuwa mtawa. Kwake dhambi ni moyo uliojikunja kwa ndani, unaojitafuta wenyewe hata katika sala. Nadhani Douglas angefaidika na fundisho hili. Katika kitabu chake umwilisho una nafasi kubwa, lakini msalaba haufanyi kazi ya kutosha. Anatuambia kwamba mwili ni mwema. Hatuambii vya kutosha ni nini kinachoweza kumponya mtu aliyeutumia mwili wa mwingine kama chombo, awe Mzungu au Mweusi.

Jambo litakalomkwaza msomaji

Sura inayohusu watu wenye kupenda wa jinsia yao ndiyo itakayowafanya wengi wa kwetu wakifunge kitabu. Douglas analitaka Kanisa la watu Weusi liache kuwahukumu, naye anakumbusha kwamba watu ambao Maandiko yalitumiwa kuwafunga minyororo wangepaswa kuwa wa kwanza kuogopa kuyatumia kumfunga mwingine.

Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilieleza msimamo wake juu ya ndoa katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, nami ni mtumishi wa Kanisa hilo. Kwa upande wa hoja, naona upungufu kwa Douglas. Kwamba andiko moja lilitumiwa vibaya hakuthibitishi kwamba kila andiko limetumiwa vibaya. Kazi ya kufafanua andiko kwa andiko yadaiwa, na kitabu hakiifanyi kwa kiasi cha kutosha.

Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Tamko laeleza Kanisa linafundisha nini juu ya ndoa. Halimwelezi mchungaji afanye nini na kijana anayegonga mlango usiku, amefukuzwa na baba yake, amepigwa mtaani, anauliza kama Mungu naye amemfukuza. Wengi wetu hatuna la kumwambia kijana huyo. Na tukiwa nalo, ni maneno ya mimbarani yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu ambao hawapo katika shida hiyo. Asiyekubaliana na hitimisho la Douglas bado anadaiwa jibu la swali lake.

Nani anayesoma?

Nirudi sasa kwenye uchapishaji. Orbis Books, iliyoanzishwa mwaka 1970, ni ya Wamaryknoll, wamisionari Wakatoliki wale wale waliofika Musoma mwaka 1946. Ni shirika linalowaandikia wachungaji na waumini wenye kusoma, na kitabu cha Douglas cha mwaka 1999 kina harufu ya darasa la wachungaji. Lakini taaluma yenyewe ilizidi kuhamia kwenye mashirika ya kitaaluma. Kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya miili ya Weusi na muziki wa bluzi kilitolewa na Palgrave Macmillan. Vitabu vya namna hiyo mara nyingi huuzwa kwa bei inayolenga maktaba za vyuo vikuu. Msamiati nao umehama. Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa kusomwa na walimu wenzake; hapandishwi kwa kusomwa na mama mwenye nyumba. Silaumu mtu mmoja mmoja. Nasema kwamba meza ya jikoni imehamishiwa ukumbini, na wapishi wamebaki nje.

Afrika nayo haijanusurika. Mwaka 1989 wanateolojia wanawake wa Afrika walikutana Accra wakianzisha Duara lao, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, wakaazimia kuandika. Mwaka 1992 Oduyoye pamoja na Mkenya Musimbi Kanyoro, aliyesimamia kazi ya wanawake katika Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni huko Geneva, walitoa The Will to Arise. Mwaka 2004 Kanyoro na Musa Dube wa Botswana walihariri Grant Me Justice!, juu ya Ukimwi, jinsia na usomaji wa Biblia, kikitoka Pietermaritzburg na Orbis kwa pamoja. Mwaka 2011 Sylvia Tamale wa Makerere alihariri African Sexualities, mkusanyo mkubwa wa waandishi wa bara hili. Kazi hizi nazisifu bila kusita. Lakini zote ni za Kiingereza. Wale mama wa Umoja wa Wanawake, ambao maisha yao ndiyo yaliyochambuliwa humo, hawawezi kuzisoma. Mtu anayezungumzwa katika lugha asiyoijua, hata kama anasifiwa, bado amesengenywa.

Nasi walimu wa vyuo vya teolojia hatuna ruhusa ya kuwacheka Wamarekani. Tumeandika mangapi kwa Kiswahili juu ya mwili, ndoa, unyanyasaji majumbani, ugumba, ujane? Tukitaka kupandishwa daraja nasi huandika kwa Kiingereza. Tukiandika kwa Kiswahili, huandika juu ya yale ambayo hayatamkwaza mwenyekiti wa kikao.

Hitimisho

Ninapendekeza kitabu hiki kisomwe vyuoni mwetu, na kisomwe kwa ubishi. Kisomwe kwa sababu kimeuliza kwa ujasiri swali ambalo sisi tumelipita kando, kama kuhani na Mlawi walivyompita mtu wa njia ya Yeriko. Kisomwe kwa ubishi kwa sababu hakimwajibishi vya kutosha aliyejeruhiwa, wala hakitenganishi sitara na maficho. Baada ya kukisoma, kazi iliyobaki ni yetu: kuandika kwa lugha ambayo waumini wetu wanasali nayo, kuanzia na neno mwili, na kwa ufupi utakaomwezesha mwinjilisti kununua kijitabu kwa fedha zake.

Katika Yohana 8 walimletea Yesu mwanamke mmoja, wakamweka katikati. Mwanamume hakuletwa. Wenye nguvu walisema mengi, naye Yesu akainama akaandika kwa kidole katika nchi. Alinyamaza. Ukimya ule ulimfunika mwanamke na kuwaacha uchi washitaki wake, mmoja baada ya mwingine, hata wakatoka. Kisha, walipobaki wawili, alisema. Wala hakumficha ukweli wa maisha yake. Ndugu zangu wachungaji, nasi tunajua kunyamaza sana. Natamani nijifunze kunyamaza kama yeye, na kusema kama yeye. Na siku ile mjane wangu atakaponiuliza tena swali lake mbele za Bwana, niwe na jibu.